Ukumbi Tuliouvika Lipu

Karatu, jioni

Paskalina mwanangu,

Ya sabuni, ya blanketi, ya maji ya kuchemsha na ya shangazi yako wa Dar ambaye ni lazima umsalimie hata ukifika umechoka, mama yako amekwisha kukuambia. Sitayarudia. Ningeyarudia ungeniitikia "ndiyo, Baba" kwa sauti ile unayoitumia ukitaka nimalize upesi.

Mimi nakuandikia habari za ukumbi. Umenisikia nikiuongelea tangu hujaota meno, na naujua uso wako unavyogeuka nikianza. Safari hii nisome mpaka mwisho, kwa sababu asubuhi ya leo nimekwenda nyumbani kwa Mzee Bura, na hapa nyumbani hakuna anayejua, hata mama yako.

Jana ukifunga sanduku ulisema, umenipa mgongo, "Baba, nikimaliza chuo nitarudi niutengeneze ule ukumbi." Tangu tulipomzika Elia hujawahi kuniambia maneno mengi kama hayo kwa mara moja. Sikukujibu, ukadhani nimedharau. Ukweli ni kwamba hutaukuta. Siku ya mkutano wa kuamua juu yake ulikuwa Arusha ukifuatilia barua yako ya chuo, na tangu urudi kila mtu humu ndani anaogopa kukuambia. Jumatatu wanaanza kuuvunja. Kifusi kitajaza makorongo ya barabara ya Qurus. Imeamuliwa, na aliyesababisha iamuliwe ni mimi, ingawa nilisimama kuupigania hadi sauti ikakauka.

Wewe unaukumbuka zaidi ukiwa umepakwa rangi ya kijani, umepasuka na kufungwa kwa kufuli. Mimi niliujua ukiwa uchi. Ndivyo watu walivyouita, Jengo Uchi, kwa sababu wale waliolijenga, kabla wewe hujazaliwa, waliliacha zege lenyewe lionekane. Hapakuwa na lipu wala chokaa. Ukipitisha kiganja ukutani ulisikia mistari ya mbao zilizolishika zege likiwa bado bichi, mpaka vifundo vya mti ulivihesabu. Paa lilikunjwakunjwa kama karatasi anayojipepea nayo mtu kanisani, jembamba kiasi kwamba wazee walikataa kukaa chini yake msimu mzima wa mvua. Mbele palikuwa na kibaraza cha zege kilichochomoza juu ya mlango bila nguzo hata moja. Watu walikuwa wakija kutoka Mbulu kukiangalia na kubishana kinashikiliwa na nini.

Niliupenda ukumbi ule kama mtu anavyompenda mwalimu mkali. Haukujipamba. Ulikuonyesha ulivyotengenezwa. Leo ukingoni kule Ngorongoro wanajenga nyumba za wageni zinazojifanya vibanda vya nyasi, ndani mna maji ya moto, nje makuti ya uongo, na watalii wanapita hapa na Land Rover zao wakikimbilia kupiga picha vifaru. Hakuna aliyewahi kusimama kuupiga picha ukumbi wetu. Kwao ukweli wa nchi hii una pembe na mkia. Nimeandika hayo gazetini si mara moja, na walionijibu nikawajibu. Unakumbuka tulivyokwenda dukani tukafungiwa karanga kwa barua yangu mwenyewe? Ulicheka sana. Nilijifanya nimekasirika.

Lakini nisikupake mafuta. Wajenzi wale hawakuwa malaika. Nondo walizilaza karibu mno na uso wa zege. Na mchanga, sehemu kubwa, ulitoka chini Mang'ola, kwa kuwa malori yaliyoshusha mahindi huko yalikuwa yakirudi matupu na mtu fulani aliona ni akili kuyajaza. Mchanga wa upande ule wa ziwa una chumvi, ng'ombe wanaulamba. Chumvi hiyo ikaingia ndani ya zege na kukaa na chuma. Juu yake ongeza ukungu wetu huu unaoshuka kutoka msituni kila alfajiri, halafu ongeza mifereji ya paa ambayo hakuna aliyeizibua tangu chama cha ushirika kivunjwe na ukumbi ukabaki hauna mwenyewe. Nyufa zikaanza chini ya kibaraza, nyembamba, zenye machozi ya rangi ya kutu.

Nilikuwa nimezisoma nyufa hizo kabla hazijatokea. Wakati wa kozi ya walimu Dar nilikaa maktaba siku ambazo wenzangu walikwenda ufukweni, nikasoma juu ya majengo ya zege ya zamani huko nje, yanavyougua na yanavyotibiwa. Nilirudi nikijua kinachotakiwa: kuzibua mifereji, kubandua zege lililokufa, kusugua nondo kwa brashi ya waya hadi zing'ae, kuziba kwa mchanganyiko usio mkali kuliko zege la zamani, kwa mchanga uliooshwa, na kuuacha ukuta upumue. Kazi ya mikono. Watu wa kujitolea walikuwapo, brashi zilikuwapo. Nilijua pia kisichotakiwa kabisa, nacho ni kuufunika ukuta kwa lipu kali ya saruji na kuipaka rangi ya mafuta.

Mzee Bura, wakati huo mwenyekiti wetu, alitaka lipu na rangi ya mafuta.

Usimcheke. Mtu aliyekulia katika nyumba ya udongo anajua kwamba nyumba isiyosilibwa ni nyumba ambayo mwenyewe amekufa au amehama. Kila mwaka mama zetu walikanda udongo na samadi wakasiliba upya. Ukuta uliopasuka ulikuwa aibu ya mwanamke wa nyumba ile. Bura aliona ufa, akaona aibu, akataka kusiliba. Saruji ilikuwa ya kibali siku zile, nawe unakumbuka foleni za sukari, basi fikiria saruji. Alitembea ofisi hadi ofisi, akauza dume lake kukodi lori, akaipata. Hakuchukua hata mfuko mmoja kwake. Haya nayajua leo. Siku ya mkutano ule wa lipu sikutaka kuyajua.

Tulikutana ndani ya ukumbi wenyewe. Ulikuwepo, umekaa dirishani na Elia mkila muwa. Bura alisimama na karatasi mkononi.

"Ndugu zangu," alisema, "jengo hili limesimama uchi miaka yote. Wageni wanapita kwenda kreta, wanaliona, wanasema hawa watu waliishiwa saruji. Tulivike nguo."

Watu wakapiga makofi. Halafu akaanza kusoma azimio, kwa ufasaha, macho yakiwa kwenye karatasi.

Hapa inabidi ujue kitu. Karatasi ile ilikuwa imeandikwa na karani, na Bura aliikariri. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nikimfundisha. Kwenye madarasa ya watu wazima, humo humo ukumbini, alikuwa akija baada ya kukamua, anakaa dawati la nyuma, magoti yanagusa kidevu, na aliniomba faragha nisimwite ubaoni. "Mwalimu," aliniambia, "nikijua nitajitokeza mwenyewe. Kabla ya hapo, unifiche." Nami nilimwitikia. Gazeti alikuwa akisomewa na Elia, mjukuu wake, kwa kisingizio kwamba macho yanamuuma.

Ningeweza kusimama na kueleza habari ya kutu. Niliyajua maneno. Lakini makofi yale yalinichoma, nikaona wajinga wanakishangilia kifo cha kitu ninachokipenda, nikatafuta mahali pa kupiga. Nikasimama.

"Mwenyekiti," nikasema, "hilo ulilosema halimo katika karatasi. Hebu tusomee mstari wa pili."

Aliniangalia kwanza, kuhakikisha kama nimekusudia. Halafu akashusha kidole kwenye karatasi. Nakumbuka kidole kile, kilivyokuwa kinatafuta.

"Soma, Mwenyekiti. Au tumwite Elia?"

Wengine wakacheka. Ndipo nikaongeza lile ambalo lilinukuliwa hadi vilabuni: kwamba mtu aliyekaa darasani kwangu misimu miwili bila kuvuka neno "mama" hawezi kunifundisha zege. Nikauliza kama ng'ombe wake wakiwa na vidonda huwa anawapaka rangi. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mama yako alijifunika uso kwa khanga, nikadhani naye anacheka.

Bura alikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Wanaotaka lipu wanyooshe mikono," alisema. Hata waliocheka walinyoosha. Nilikuwa nimewafanya wote waone aibu kwa niaba yake, na mkono ndicho kitu walichokuwa nacho cha kumpa.

Wakati wa kujitolea ulipofika niliwakataza watu wa nyumba yangu kwenda. Wewe ulitoroka, ukabeba maji ya kukorogea na Elia. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikiwarushia maneno. Kufikia jioni mistari ya mbao ilikuwa imezikwa, ukuta laini kama yai, na baada ya wiki ukawa wa kijani. Ulipendeza. Naliandika neno hilo kwa shida, lakini ulipendeza.

Utakapoingia chuoni watakufundisha kuhesabu mzigo unaobebwa na boriti. Utakuwa na haki mara nyingi, Paska, mara nyingi kuliko wenzako, kwa sababu una kichwa cha mama yako na ukaidi wangu. Utamu wa kuwa na haki utausikia mdomoni. Mimi nimeula utamu huo maisha yangu yote na sijawahi kushiba. Ulipochaguliwa kwenda chuo ulimwambia mama yako, ukawaambia majirani, mimi nikapata habari dukani. Nilikuja nyumbani kugomba. Njiani nikakumbuka kwamba kila ulichowahi kuniletea nilikirudisha kikiwa na masahihisho.

Wazee hawakuliacha jambo letu lilale. Waliagiza pombe ya kupatana, kama inavyofanywa: mimi nilete asali, Bura apike, tukae mbele ya majirani tunywe kwa kibuyu kimoja, midomo miwili kwa pamoja, na neno lile lisitajwe tena. Bura akapika bila kusubiri asali yangu. Akafagia uwanja. Watu wakakaa. Mimi nilikuwa nyumbani nikisahihisha madaftari. Mjumbe alipokuja nilimwambia kwamba siwezi kuomba radhi kwa sababu ya kusema kweli. Pombe ikachacha, wakaimwaga zizini. Tangu siku ile, kila nilipopita watu walinisalimu vizuri, kwa adabu kubwa sana, kama mgeni.

Na nyufa zikarudi, safari hii kwa ndani ya lipu, mahali ambapo macho hayafiki. Maji yaliyokuwa yakiingia na kutoka sasa yaliingia yakakaa. Niliona rangi inavimba chini ya kibaraza. Niliona, nikasema, lakini nilivyosema! Nilipita nikigonga ukuta kwa fimbo, "Usikilizeni, mtupu! Mtupu kama kichwa cha aliyeupaka!" Nani angetaka kusikiliza? Kunisikiliza kungekuwa kumcheka Bura mara ya pili. Hata fundi mmoja aliyetaka kupanda kupachungulia aliacha, asije akaonekana mtu wangu.

Yaliyotokea siku ya mvua unayajua kuliko mimi, maana ulikuwa nyuma yake hatua chache, mnatoka mashine ya kusaga. Wewe ulisimama kufunga kiatu. Elia alikimbilia chini ya kibaraza ili unga usilowe. Sitaliandika zaidi. Unga ule ulibaki barabarani siku nzima, umekuwa ugali mbichi, hakuna aliyethubutu kuuzoa.

Nitaandika la makaburini, kwa sababu najua ndilo linalokaa kati yetu. Ulipoomba kusoma ujenzi watu walinipongeza, wakasema mtoto amemfuata baba. Mimi na wewe tunajua hukunifuata mimi. Tulipokuwa tunazika, Bura ameshika udongo mkononi, hajautupa, mimi nilifungua mdomo nikasema, "Niliwaambia."

Hayo tu. Hata si kwa sauti kubwa. Nilidhani ni huzuni iliyokuwa inasema. Uliuachia mkono wangu, na hujaushika tena. Nimeyapindua maneno yale kila upande, mwanangu, nikitafuta upande ambao ni wa huzuni. Hayana upande huo.

Sasa mkutano wa juzi. Nilisimama kutetea ukumbi usivunjwe. Nilikuwa nimejiandaa kuliko wakati wowote: kwamba mwili wake bado ni mzima, kwamba kilichokufa ni kibaraza na ngozi ya nje, kwamba ukibanduliwa lipu na kutibiwa nondo utasimama hadi wajukuu zako, kwamba hatuna jengo lingine lililojengwa kwa fedha ya ngano yetu wenyewe. Sikumtukana mtu. Waliangalia chini wote. Nilipomaliza, Mama Elia akasimama nyuma, mtoto mgongoni.

"Mwalimu," alisema, "una haki. Wote tunajua una haki. Ulikuwa na haki hata tulipokuwa tunamfukia mwanangu. Sisi tumeichoka haki yako."

Akakaa. Mikono ikanyooshwa. Hakuna aliyepinga, na mkono wangu haukuinuka.

Ndiyo sababu asubuhi ya leo, mama yako alipokwenda kukununulia viatu, nilichukua chupa ya asali nikapanda kwa Bura. Alikuwa ameketi juani kando ya zizi. Macho yake sasa yanauma kweli; ananiona kama kivuli. Alinisalimu kwa Kiiraqw, ile salamu ndefu ya kuulizia mifugo na shamba na watu wa nyumbani, na aliuliza habari zako kwa jina. Nikamwambia unaondoka kesho.

"Nimeleta asali, Mzee," nikasema.

Aliipokea, akaipima uzito mkononi. "Asali ya leo," alisema, "tuipikie pombe ya miaka ile?" Halafu akacheka kidogo, mwenyewe. "Ndani kuna pombe ya waliokuja kulima. Si nzuri. Utakunywa?"

Aliyeileta ni Mama Elia. Aliweka kibuyu chini kati yetu, hakunitazama, lakini hakuingia ndani. Alisimama mlangoni.

Nilitaka kusema nilichokuja nacho. Nilikuwa nimekitunga njiani, kina mwanzo na mwisho. Bura akanigusa goti. "Acha," alisema. "Kunywa." Tukainama, paji la uso likagusana na paji la uso, tukanywa. Pombe ilikuwa chachu.

Nikamwuliza kama neno lake linaweza kuizuia Jumatatu. Akatikisa kichwa. Si mwenyekiti tena, na hata angekuwa, asingewaomba watu wale waache kuvunja kilichomuua mtoto wao. Hilo limekwisha.

Tukakaa. Ng'ombe wakatoka. Nilidhani sasa niage, na ndipo alipouliza.

"Mwalimu, siku ile ulikuwa unataka kusema nini? Kabla hujaniambia nisome."

Sikuelewa.

"Kuhusu lipu," akasema. "Ulikataa lipu. Nimejiuliza miaka yote. Ulikataa kwa sababu gani?"

Paska, nilimweleza. Nilimwambia kwamba ndani ya zege mna chuma, kama mifupa. Kwamba chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba kinalisukuma zege lipasuke. Kwamba maji yaliingia na chumvi ya mchanga wa Mang'ola, na lipu kali iliyafungia ndani yasitoke. Kwamba ilitakiwa tufungue, tusugue, tukaushe, halafu ndiyo tuzibe. Nilisema polepole. Sikuwa na mtu wa kumshinda.

Alisikiliza, kichwa kimeinama. Halafu akasema, "Kama jipu la ng'ombe lililofunga juu, na ndani bado kuna usaha."

"Ndiyo, Mzee. Hivyo hivyo."

"Ile tunapasua. Hata mtoto anajua. Tunapasua, tunaosha, tunaacha wazi." Alinigeuzia uso. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Mama Elia aligeuka akaingia ndani.

Kesho basi litapita mbele ya ukumbi kabla jua halijachomoza, na mimi nitakuwa nimekusindikiza hadi stendi kama utaniruhusu. Kaa dirisha la upande wa kushoto. Pale kibaraza kilipokatika lipu imebanduka, na mistari ya mbao inaonekana tena, kipande cha ukubwa wa mlango. Kiangalie, maana hakuna kitabu chuoni chenye picha yake.

Na unaweza kutaka kujua maelezo yale niliyompa Bura yalichukua muda gani. Nilipomaliza, na yeye akawa ameelewa, niliinua kibuyu. Kilikuwa bado kizito. Tulikuwa hatujainywa pombe hata nusu yake.

Baba yako